Chuo cha Kuta za Mawe na Jioni ya Akhwari

Njia namba 3 ya treni ya chini ya ardhi ya Mexico City huishia kusini mwa jiji, kwenye kituo kiitwacho Universidad. Anayeshuka hapo asubuhi hubebwa na wimbi la vijana wenye mabegi mgongoni. Nje, kwenye foleni ndefu, yanasubiri mabasi ya chuo ambayo abiria hadaiwi nauli. Yanaitwa Pumabús, kwa jina la puma, mnyama ambaye timu za michezo za chuo hicho hujiita kwa jina lake. Hiki ndicho Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, UNAM kwa kifupi. Kina wanafunzi zaidi ya 370,000 ukihesabu na wa shule za sekondari zilizo chini yake, na ada yake ya mwaka imebaki senti 20 za peso, fedha ambayo leo haitoshi kununua hata pipi.

Mtu wa Mbulu au wa Hanang anaweza kuuliza kampasi ya mbali namna hii inamhusu nini. Nusu ya jibu iko kwenye kuta za majengo yake. Nusu nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu ya Insurgentes, katika uwanja wa michezo wa chuo, na hiyo itangoja jioni, kwa sababu jioni ndipo jambo lenyewe lilipotokea.

Kampasi hii haifai kutembelewa mbio mbio. Iliyo bora ni kuipa siku nzima, kutembea kidogo, kukaa kitako, kisha kuinuka na kutembea tena.

Kwanza kabisa mgeni aangalie anapokanyaga. Ardhi ya hapa ni jiwe jeusi lenye vitundu vitundu, lililokunjamana kama uji uliogandia sufuriani. Ni lava ya mlima mdogo wa volkeno uitwao Xitle, uliolipuka yapata miaka 1,700 iliyopita. Mto wake wa moto ulifunika mashamba na kuuzika mji wa kale wa Cuicuilco, ambao piramidi lake la mviringo bado linaonekana si mbali na chuo. Kwa karne nyingi eneo hilo liliachwa kwa nyoka, mijusi na mimea ya miiba. Watu wa Katesh hawahitaji kuelezwa maana ya mlima kuushukia mji. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikazoa nyumba, maduka na watu, na waliokufa walizidi 80. Hanang nao ni mlima wa volkeno, wenye zaidi ya mita 3,400, na udongo wake wenye rutuba ndio uliowavuta wakulima miguuni pake. Mlima unaolisha na mlima unaozika ni uleule, huko Meksiko na huku Manyara.

Juu ya lava hiyo ndipo serikali ya Meksiko ilipoamua, mwishoni mwa miaka ya 1940, kujenga mji mzima wa chuo kikuu. Mpango mkuu waliuchora wasanifu Mario Pani na Enrique del Moral, na zaidi ya wasanifu, wahandisi na wasanii 60 walishiriki. Ujenzi ulianza mwaka 1949, uzinduzi ukafanyika Novemba 1952, na masomo yakahamia huko mwaka 1954. Jiwe lililochimbuliwa wakati wa kusawazisha uwanja ndilo lililojengewa kuta, ngazi na njia za miguu. Mwaka 2007 kampasi ya kati iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka mmoja kabla, orodha hiyohiyo ilikuwa imeipokea michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyo kusini tu mwa Hanang na Babati, ambako watu wa kale walichora twiga, pofu na wawindaji wembamba kwa rangi nyekundu. Msafiri anayepita barabara ya Babati kwenda Kondoa na kusimama Kolo anaweza kuiona. Kwa hiyo kusimulia mambo kwa picha juu ya jiwe si jambo geni kwa mtu wa ukanda wetu. Kigeni hapa ni ukubwa wake, na ujasiri wa kulifanya liwe kazi ya serikali.

Ujasiri huo ulianza mapema. Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, Meksiko ilibaki na nchi iliyochoka na wananchi wengi wasiojua kusoma. Mwaka 1921 José Vasconcelos akawa waziri wa elimu. Pamoja na kutuma walimu na vitabu vijijini, aliwapa wachoraji kuta za majengo ya umma ili wasimulie historia ya nchi kwa namna ambayo mwenye kusoma na asiyesoma wangeielewa sawasawa. Kutokana na kazi hiyo yakang'ara majina matatu: Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros. Orozco alifariki mwaka 1949, kampasi mpya ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuchimbwa. Rivera na Siqueiros waliiwahi.

Jengo la kwanza la kuliendea ni Maktaba Kuu. Haiwezi kumpotea mtu. Ni mnara wa mstatili ambao kuta zake nne zimefunikwa kwa picha kutoka chini ya paa hadi karibu na usawa wa miti, jumla ya mita za mraba zipatazo 4,000. Aliyezibuni ni Juan O'Gorman, msanifu majengo aliyekuwa pia mchoraji. Mnara huo ni ghala la vitabu la ghorofa kumi, na kwa kuwa jua ni adui wa karatasi, karibu hauna madirisha. O'Gorman akajikuta na kuta nne kubwa zilizozibwa, akaamua kuzijaza.

Kwa mbali mtu hudhani ni rangi. Akisogea anagundua kwamba hakuna tone la rangi pale. Ni mawe. O'Gorman alizunguka sehemu mbalimbali za Meksiko akitafuta mawe ya rangi za asili: mekundu, ya manjano, ya kijani, meusi, meupe, ya zambarau. Yalivunjwa vipande vidogo, yakapangwa katika vibao vya saruji vya mita moja kwa mita moja, kisha vibao vikapandishwa na kushikizwa ukutani kimoja baada ya kingine. Sababu yake ilikuwa nyepesi: rangi ya dukani ikipigwa na jua na mvua hupauka, jiwe halipauki. Zaidi ya miaka 70 baadaye, jua kali la asubuhi likiupiga ukuta wa mashariki, ukweli wa hesabu yake unaonekana kwa macho.

Kila ukuta una habari yake. Wa kaskazini ni wa Meksiko kabla ya Wazungu: miungu, watawala na mji wa Tenochtitlan uliojengwa juu ya ziwa. Wa kusini ni wa enzi za ukoloni wa Kihispania, wenye makanisa, silaha, na maduara mawili makubwa yanayoonyesha ulimwengu kama alivyoufikiria Ptolemy na kama alivyoufikiria Copernicus. Wa mashariki una atomu katikati, na wa magharibi una nembo ya chuo pamoja na Meksiko ya wakati wa mchoraji. Atakayeuzunguka mnara polepole atakuwa amesoma kitabu cha kurasa nne. Chini yake kuna chemchemi na ukuta wa lava uliochongwa sura ya Tlaloc, mungu wa mvua, mwenye macho ya mviringo kama miwani. Wairaqw na Wadatoga, ambao kwao waombaji wa mvua wamekuwa na heshima yao tangu zamani, hawatashangaa kwamba mzee wa mvua kawekwa kibarazani, mahali pa kupokea wageni.

Ikifika saa sita mchana, hakuna pa kwenda isipokuwa uwanja mpana wa majani uliopo kati ya maktaba na vitivo. Wanafunzi wanauita Las Islas, yaani Visiwa. Hapo kampasi nzima hulala kifudifudi. Wengine wanasoma, wengine wanafanya mazoezi ya ngoma au kupiga gitaa, wapenzi wamekaa chini ya miti, na mbwa wanapita katikati yao bila kufukuzwa. Wachuuzi wanauza tortilla zilizokunjwa na maharage au nyama ndani. Tortilla ni mahindi yaliyochemshwa na kuloweshwa katika maji ya chokaa, yakasagwa na kukaangwa mkate mwembamba. Mla ugali na makande anapaswa kuila kwa adabu, kwa kuwa mahindi asili yake ni nchi hii. Wakulima wa kale wa Meksiko ndio walioyatoa katika nyasi ya porini, maelfu ya miaka kabla hayajafika Afrika. Shamba la mahindi la Dongobesh ni mjukuu wa mashamba haya.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi Kitivo cha Tiba, chenye ukuta wa Francisco Eppens. Katikati ya mchoro huo, uliotengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi, kipo kichwa chenye nyuso tatu: Mhispania upande mmoja, mama Mwindio upande wa pili, na mbele mtoto wao, Mmeksiko wa leo. Kuwazunguka wote kuna nyoka anayeuma mkia wake mwenyewe. Ni kazi safi, ila baada ya maktaba inaonekana kama imesemwa kwa sauti ndogo.

Sauti kubwa inarudi kwenye jengo la utawala, kwa Siqueiros. Yeye hakutaka ukuta bapa. Alijenga saruji ikatokeza nje, ikachomoza mikono na mabega, halafu akaifunika kwa mozaiki. Kwenye upande wa kusini wanafunzi wananyoosha mikono mbele kuirudisha elimu kwa wananchi, na jina la kazi linasema hivyohivyo: wananchi kwa chuo, chuo kwa wananchi. Alikusudia ionekane vizuri na watu walio ndani ya magari yanayopita Insurgentes, ndiyo maana mikono ile huonekana kama inasogea kadiri mtazamaji anavyotembea. Jaribu kupita mbele yake kwa hatua za kawaida bila kusimama na utaona mkono ukikufuata.

Upande wa kaskazini wa jengo hilo Siqueiros aliandika tarehe, mkono mkubwa ukizielekezea kidole: 1520, 1810, 1857, 1910. Ni miaka ya misukosuko na mageuzi ya nchi. Baada ya hapo akaandika 19 na kuweka alama mbili za kuuliza. Aliwaachia vijana waujaze mwaka wao.

Wengi husema mwaka huo ulikuwa 1968. Majira ya kiangazi ya mwaka huo wanafunzi wa Mexico City waliandamana kudai uhuru wa kisiasa, na tarehe 1 Agosti mkuu wa chuo, Javier Barros Sierra, aliwaongoza yeye mwenyewe barabarani. Tarehe 18 Septemba jeshi liliingia na kuikalia kampasi hii, vifaru vikiwa kati ya kuta za O'Gorman na Siqueiros. Tarehe 2 Oktoba, katika uwanja wa Tlatelolco kaskazini mwa jiji, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji. Idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa mpaka leo. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Oktoba, Michezo ya Olimpiki ikafunguliwa ndani ya kampasi ileile, kwenye uwanja wake wa michezo. Hakuna njia ya kuusimulia uwanja huo kwa haki bila kulisema hilo kwanza.

Sasa jioni imekaribia. Njia ya chini inapita Insurgentes na kutokea mbele ya uwanja.

Kwa nje haufanani na viwanja vingine. Wasanifu wake, wakiongozwa na Augusto Pérez Palacios, walichimba bonde katika lava, udongo na mawe yaliyotoka wakayakusanya kuwa kingo za kukalia watu, na kingo hizo wakazivisha mawe ya volkeno. Kwa hiyo unafanana na kreta. Mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa mojawapo ya maziwa ya kreta ya Basotu akatazama chini, analijua umbo lake kabla hajaingia. Huchukua watazamaji karibu 70,000.

Kwenye ubavu wake wa mashariki ndipo ilipo kazi ya Diego Rivera, mchongo mkubwa uliopambwa kwa mawe ya rangi. Baba na mama wanamkabidhi mtoto wao njiwa wa amani. Juu yao wapo ndege wawili wa nembo ya chuo, tai na kondori. Pembeni kuna wanariadha wawili, mwanamume na mwanamke, wanaowasha mwenge, na chini kabisa ametambaa nyoka mwenye manyoya. Mkono wa mwanamke aliyeshika mwenge unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwani mwaka 1968, katika uwanja huuhuu, Enriqueta Basilio aliuwasha mwenge wa Olimpiki, mwanamke wa kwanza duniani kufanya hivyo. Rivera alikuwa amemchora miaka mingi kabla.

Nia ya Rivera ilikuwa kuuvalisha uwanja wote picha kama zile, pande zote. Hakufika mbali. Alifariki mwaka 1957 akiwa amekamilisha sehemu hiyo ya kati tu, na mawe mengine ya kingo yamebaki matupu, meusi kama yalivyochimbwa.

Mbele ya ukuta huo ambao haukukamilika ndipo ilipomalizikia marathoni ya tarehe 20 Oktoba 1968.

John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Mbulu ya wakati wake ilikuwa wilaya kubwa ya Mkoa wa Arusha, iliyokusanya pia nchi ambayo leo ni Hanang, Babati na Karatu. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Alikuwa na miaka 30, mkimbiaji aliyeheshimika, katika timu ndogo ya nchi iliyokuwa na miaka saba tu ya uhuru. Mbio zilianza saa tisa alasiri katikati ya jiji, kwenye uwanja wa Zócalo, wakimbiaji 75 wakiwa kwenye mstari. Jiji hilo liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwatesa wengi. Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964, alijitoa njiani akiwa ameumia mguu.

Akhwari naye misuli ilimbana. Kisha, karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji walipokuwa wakisukumana kugombea nafasi, aligongwa akaanguka. Goti lilichanika na kuteguka, na bega likapigizwa kwenye lami. Kilomita zilizobaki zilikuwa zaidi ya 23. Ni umbali wa kutembea nusu siku hata kwa mtu mzima wa afya, na kwa goti lile kila kilomita ilikuwa na hukumu yake. Alifungwa bendeji, akainuka. Akatembea, akakimbia kidogo, akatembea tena.

Mamo Wolde wa Ethiopia aliingia uwanjani saa kumi na moja na dakika 20, akashinda kwa saa 2:20:26. Alasiri hiyohiyo Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa amenyakua dhahabu ya mita 1,500. Wakimbiaji wa marathoni wakaendelea kuwasili mmoja mmoja, medali zikatolewa, watu wakaanza kuondoka. Jua likazama. Ndipo habari zikafika kwamba bado yupo mmoja barabarani. Wapiga picha walipotumwa kumtafuta, walimkuta mtu mwenye bendeji gotini akichechemea peke yake gizani, chini ya taa za magari.

Aliingia uwanjani watazamaji wakiwa elfu chache tu. Alizunguka njia ya mwisho mguu ukiburuta, na watu wachache wale wakasimama wakapiga makofi kama wanaompokea mshindi. Alikata mstari kwa saa 3:25:27, akiwa wa 57, na wa mwisho kati ya waliomaliza. Wengine 18 hawakumaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima, mara nyingi bila kutajwa Mbulu. Limegeuzwa tangazo la biashara na somo la semina za uongozi. Wanaolirudia husahau kwamba Akhwari hakuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni. Mwaka 1983 Tanzania ilimpa nishani ya ushujaa, na mwaka 2008 alibeba mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam. Katikati ya hayo yote aliishi kama mkulima, kwao.

Anayeketi kwenye ngazi za uwanja ule saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati taa za Insurgentes zinapowaka na mawe ya Rivera yanapoanza kupoteza rangi, anakuwa mahali penyewe na katika saa yenyewe. Nafasi tupu kwenye kingo zile bado ni kubwa. Meksiko ina haki ya kuamua itaandika nini juu yake.

Mbulu na Hanang nazo zina kuta. Shule zetu nyingi za msingi zina ukuta mmoja uliochorwa ramani ya Tanzania, mwingine wenye picha ya mfumo wa chakula, na kuta zilizobaki hazina kitu. Mawe ya volkeno yametapakaa miguuni pa Hanang, hayauzwi dukani na jua haliyapaushi. Wapo bado wazee wanaoukumbuka mwaka 1968. Walimu wa sanaa, walimu wa michezo na kamati za shule, kaeni nao mapema, mwasikilize, kisha wapeni watoto mawe na saruji kidogo. Anzeni na lile goti lenye bendeji.